Siri Iliyohamishwa: Majalada ya Kikoloni ya Kenya Katika Hanslope Park na Gharama ya Kuchelewa, 1961–2018

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya majalada ya siri ya utawala wa kikoloni nchini Kenya, tangu yalipotengwa na kusafirishwa kwenda Uingereza hadi yalipowekwa mbele ya umma kuanzia mwaka 2012. Hoja kuu ni kwamba kuchelewa huko hakukutokana na urefu wa muda uliowekwa na sheria ya nyaraka. Kulitokana na kukosekana kwa orodha: majalada hayakuandikwa mahali popote ambapo mtu aliye nje ya serikali angeweza kuyaona na kuyaomba. Makala yanaonyesha pia kwamba kuchelewa kulikuwa na gharama inayopimika mahakamani, kwa kuwa muda uliopita uliwaondoa mashahidi na hatimaye ukageuka kuwa hoja dhidi ya wadai. Mwisho, yanapendekeza kuwa sera za nyaraka katika nchi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu zianzie kwenye wajibu wa kuorodhesha kabla ya wajibu wa kufungua.

1. Utangulizi

Katika mijadala ya sera, swali la nyaraka za siri za serikali huulizwa kwa kawaida kama swali la miaka. Je, jalada lifunguliwe baada ya miaka 20, 30 au 50? Uingereza yenyewe imeshuka ngazi hizo zote. Sheria yake ya Nyaraka za Umma ya mwaka 1958 iliweka muda wa miaka 50. Marekebisho ya mwaka 1967 yakaupunguza hadi 30. Na marekebisho ya mwaka 2010, yaliyotekelezwa hatua kwa hatua, yakaufikisha 20. Kwa mtazamo huo, historia ya uwazi huonekana kama historia ya tarakimu inayopungua.

Mfano wa Kenya unaonyesha udhaifu wa mtazamo huo. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Kwa kanuni ya miaka 30, majalada ya mwisho ya kipindi hicho yalipaswa kuwa mezani kwa wasomaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hayakuwa. Kundi zima la majalada lilibaki nje ya kanuni hiyo kwa miongo miwili zaidi, na lilipojitokeza, hakuna kalenda iliyolitoa. Lilitolewa na shauri la madai. Makala haya yanauliza ni utaratibu gani uliowezesha hali hiyo, nani aliyelipa gharama yake, na funzo gani linazihusu serikali za ukanda huu ambazo sasa zina majalada ya siri ya kwao wenyewe.

2. Kutenga, kuchoma na kusafirisha

Tarehe 3 Mei 1961, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alituma maelekezo kwa tawala za Afrika Mashariki kuhusu nyaraka ambazo hazikupaswa kukabidhiwa kwa serikali huru zilizokuwa zikikaribia kuundwa. Aina zilizotajwa zilikuwa nne: nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza au serikali nyingine; zinazoweza kuwaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi wa umma au watu kama watoa habari wa polisi; zinazoweza kufichua vyanzo vya habari za kijasusi; na zile ambazo mawaziri wa serikali mpya wangeweza kuzitumia isivyostahili. Tanganyika ilipata uhuru Desemba mwaka huohuo, Uganda Oktoba 1962 na Kenya Desemba 1963. Zoezi hilo lilikwenda sambamba na maandalizi ya sherehe za bendera.

Nchini Kenya majalada yaligawanywa katika makundi mawili. La kwanza, ambalo kwa tafsiri lingeitwa Urithi, lilikuwa la majalada ya kukabidhiwa. La pili, ambalo lingeitwa Ulinzi, lilipigwa muhuri wa herufi W na kushughulikiwa tu na maofisa ambao walikuwa raia wa Uingereza wenye asili ya Ulaya. Maelekezo ya kuharibu yalikuwa na undani wa kushangaza. Karatasi zilizochomwa zilipaswa kugeuka majivu, na majivu yenyewe yavurugwe. Pale ambapo moto haukufaa, makasha yenye uzito yangeweza kutoswa katika kina kirefu cha maji yasiyo na mkondo, mbali na pwani kadiri ilivyowezekana. Nchini Uganda, miongoni mwa karatasi zilizolengwa zilikuwa zile ambazo zingeweza kufasiriwa kuwa zinaonyesha ubaguzi wa rangi.

Kwa hoja ya makala haya, agizo lililo muhimu kuliko yote ni jingine, na halikuhusu moto wala maji. Maofisa waliagizwa kuhakikisha kwamba majalada ya Urithi hayana rejeleo lolote kwa yale ya Ulinzi. Jalada lililoondolewa liliweza kuwekewa jingine la kujaza nafasi yake, ili pengo lisionekane rafuni. Hata kuwepo kwa kundi la Ulinzi, ingawa watu wangeweza kukubashiri, hakukupaswa kukiriwa kamwe. Kwa hiyo kilichofichwa hakikuwa maudhui peke yake. Kuwepo kwenyewe kulifichwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kilichotokea katika nusu karne iliyofuata.

Si kila kilichotengwa kiliteketezwa. Caroline Elkins, mwanahistoria wa Marekani, ameeleza kwamba takriban tani 3.5 za nyaraka za Kenya zilipangiwa tanuri. Nyingine zilisafirishwa: majalada kama 1,500, yaliyojaza masanduku yapatayo 300, yalipelekwa London.

3. Nyaraka zisizo na mwenyewe

Serikali ya Kenya haikukaa kimya. Sheria ya Nyaraka za Umma ilipitishwa mwaka 1965, na mwaka 1967 Kenya iliiomba Uingereza irejeshe majalada yaliyochukuliwa. Ombi hilo lilikataliwa. Sababu iliyozungumzwa ndani ya ofisi za London ilikuwa kwamba kukubali kungewafungulia mlango wengine: makoloni yaliyopata uhuru yalikuwa mengi, na kila moja lingekuja na dai lake. Kenya ililirudia suala hilo katika miongo iliyofuata, na Makavazi ya Kitaifa yakaendesha mradi wa kutafuta na kunakili katika filamu ndogo nyaraka za Kenya zilizokuwa Uingereza. Lakini mradi wa kunakili hufika tu pale orodha inapofika. Kilichokuwa hifadhini na kwenye katalogi kilinakiliwa. Kilichokuwa ghalani bila katalogi kilibaki ghalani.

Hali ya kisheria ya majalada hayo ilisaidia kuyasahaulisha. Kwa Kenya, yalikuwa mali ya serikali iliyorithiwa na taifa huru. Kwa maofisa wa London, yalikuwa ya serikali za makoloni, ambazo hazikuwa idara za serikali ya Uingereza. Kwa hiyo, ilidaiwa, hayakuwa nyaraka za umma kwa maana ya sheria ya mwaka 1958, na kanuni ya miaka 30 haikuyahusu. Hoja hizo mbili za London zilitegemeana kwa njia ya ajabu. Majalada yalikuwa ya Uingereza kiasi cha kutorejeshwa Nairobi, na hayakuwa ya Uingereza kiasi cha kutofunguliwa London. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1983 kuhusu urithi wa mali, nyaraka na madeni ya nchi ungeweza kutoa mwongozo kwa mivutano ya aina hiyo, lakini haujapata kuidhinishwa na nchi za kutosha na haujaanza kutumika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Majalada yalikaa kwanza Hayes, magharibi mwa London, kisha katika miaka ya 1990 yakahamishiwa Hanslope Park, Buckinghamshire, katika eneo la serikali lenye ulinzi mkali. Watumishi walistaafu, wengine wakaingia. Sheria ya uhuru wa habari ilipoanza kutumika kikamilifu mwaka 2005 na maombi kuhusu Kenya yakapelekwa wizarani, majalada ya Hanslope hayakutajwa katika majibu. Anthony Cary, mwanadiplomasia aliyepewa kazi ya kuchunguza jambo hilo mwaka 2011, alionyesha kwamba hapakuwa na njama moja iliyopangwa. Kulikuwa na mchanganyiko wa mambo: imani ya kurithiwa kwamba majalada hayo hayakuwa na uzito, na wakati huohuo hisia kwamba ni siri ya aibu ambayo ni afadhali isiguswe. Maelezo hayo yanastahili kuzingatiwa na washauri wa sera. Siri iliyobuniwa kwa makusudi mwaka 1961 haikuhitaji makusudi mapya ili iendelee kuishi. Mazoea ya ofisi yalitosha.

4. Mahakama kama ufunguo

Kilichovunja mazoea hayo ni shauri. Mwezi Juni 2009, Wakenya wazee watano waliokuwa wamezuiliwa kambini wakati wa hali ya hatari walifungua madai ya mateso dhidi ya serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Mazingira ya nyumbani yalikuwa yamebadilika: marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, iliyodumu katika sheria za Kenya hata baada ya uhuru, ilikuwa imeondolewa mwaka 2003. Mazingira ya kitaaluma nayo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 2005 vilichapishwa vitabu viwili vikubwa, kimoja cha David Anderson kuhusu kesi za kunyonga, ambacho kilihesabu watu 1,090 walionyongwa, na kingine cha Elkins kuhusu kambi za vizuizi. Wanahistoria hao wawili, pamoja na Huw Bennett, walitoa ushahidi wa kitaalamu kwa upande wa wadai.

Mchango wa Anderson ndio unaoonyesha vizuri zaidi jinsi siri ilivyofunguka. Katika majalada ya kawaida yaliyokuwa wazi Kew, alikuwa amekuta mawasiliano kuhusu safari ya masanduku ya mwaka 1963 na ombi la Kenya la mwaka 1967. Katika maelezo yake kwa mahakama, mwishoni mwa mwaka 2010, aliweza kusema kwamba majalada fulani yalitoka Nairobi, yalifika London, na hayajaonekana tena. Kwa mara ya kwanza serikali iliulizwa juu ya masanduku mahususi, kwa idadi na kwa tarehe, mbele ya hakimu. Mwanzoni mwa mwaka 2011 wizara ilikiri kuwa inayo. Aprili mwaka huo Bunge liliambiwa kwamba Hanslope Park ina majalada takriban 8,800 kutoka tawala 37 za zamani za kikoloni.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa kasi ambayo miaka 48 iliyotangulia haikuijua. Profesa Tony Badger wa Cambridge aliteuliwa kuusimamia mchakato kwa uhuru. Kati ya Aprili 2012 na Novemba 2013, awamu nane za majalada zilihamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew na kupewa namba ya mfululizo FCO 141. Hesabu ya mwisho ilifika kama majalada 20,000, yakiwemo ya Tanganyika na Uganda. Na mwezi Oktoba 2013 ilifahamika kwamba Hanslope kulikuwa na hazina nyingine, kubwa zaidi, ambayo kwa makadirio ya kwanza ilifikia majalada milioni 1.2, makadirio ambayo baadaye yalipunguzwa. Kuorodheshwa kwa ghala dogo kulifichua ghala kubwa.

5. Kilichosomwa na kisichosomwa

Majalada ya Kenya hayakuleta habari mpya kabisa kwa wale walioishi kambini. Mauaji ya Hola ya tarehe 3 Machi 1959, ambapo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa na maji ya kunywa yakasingiziwa, yalikuwa yamejadiliwa hata katika Bunge la Uingereza mwaka huohuo. Thamani ya majalada ilikuwa nyingine: yalionyesha ngazi za uamuzi. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu kanuni zinazoruhusu nguvu kutumika dhidi ya wafungwa wakaidi, akaonya kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimya kimya. Ushahidi wa aina hiyo unahamisha swali. Haulizwi tena askari aliyeshika rungu peke yake. Anaulizwa pia aliyeiandika kanuni.

Hata hivyo, mtafiti anapaswa kusoma FCO 141 kama mabaki. Yaliyomo ni yale yaliyonusurika mchujo wa mwaka 1961 hadi 1963, si picha kamili ya utawala. Ukimya wa jalada juu ya tukio fulani hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba tukio halikutokea, kwa sababu tunajua kwamba karatasi zilichaguliwa kwa kigezo cha aibu. Kwa hiyo simulizi za walionusurika si nyongeza ya kupamba nyaraka. Mahali ambapo moto ulipita, simulizi hizo ndizo kumbukumbu iliyobaki. Ndiyo maana muda una thamani kubwa hivyo.

6. Gharama ya muda mahakamani

Uamuzi wa tarehe 5 Oktoba 2012 ndio kilele cha upande mmoja wa historia hii. Serikali ya Uingereza ilikuwa imedai kwamba muda wa kushtaki ulikwisha zamani. Jaji McCombe alikataa. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa wingi wa nyaraka: kumbukumbu za serikali zilikuwa nyingi na za kina kiasi kwamba kesi ya haki bado iliwezekana. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alilitangazia Bunge masikitiko ya serikali yake, akakiri kwamba Wakenya waliteswa, na kueleza makubaliano ya pauni milioni 19.9, ikiwemo gharama za kesi, kwa wadai 5,228. Aliendelea kukana dhima ya kisheria. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, Septemba 2015.

Upande wa pili haujulikani sana. Kundi jingine, la wadai zaidi ya 40,000, lilifungua shauri lake baadaye. Mwaka 2018 Jaji Stewart alilitupa. Kwa mdai ambaye kesi yake ilisikilizwa kama kipimo, mahakama iliona kwamba zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita, mashahidi waliohusika wamekufa au hawapatikani, na kumbukumbu za waliobaki zimedhoofika kiasi kwamba kesi ya haki haikuwezekana tena.

Kesi hizo mbili hazikufanana kwa kila jambo, na haitakuwa sahihi kusema kwamba kuchelewa kwa majalada pekee kuliamua ya pili. Lakini zikiwekwa bega kwa bega zinafundisha jambo moja. Muda uliopotea kati ya mwaka 1963 na 2011 haukuwa muda mtupu. Kila mwaka ulipunguza idadi ya watu walioweza kusimama kizimbani na kuthibitisha, au kupinga, kilichoandikwa. Jalada linapofunguliwa mashahidi wakiwa hai, huwa ushahidi. Linapofunguliwa baada yao, huwa historia. Historia ina heshima yake, lakini haimlipi mjane. Na aliyefaidika na tofauti hiyo ni mhusika yuleyule aliyekuwa na ufunguo wa ghala.

7. Mifano ya jirani

Mifano miwili kutoka ukanda wa Maziwa Makuu inasaidia kupima hoja hii. Wa kwanza ni Rwanda. Nyaraka za Rais François Mitterrand kuhusu Rwanda zilikuwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ufaransa, zikijulikana na kuorodheshwa, ingawa ziliwekewa ulinzi. Mtafiti François Graner aliziomba mwaka 2015, akakataliwa, akafuata ngazi za kisheria, na tarehe 12 Juni 2020 Baraza la Taifa, mahakama ya juu ya kiutawala, likamruhusu. Mwaka uliofuata tume ya wanahistoria chini ya Vincent Duclert ilitoa ripoti yake na Ufaransa ikafungua nyaraka zaidi kwa umma. Wa pili ni Kongo. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilichapisha juzuu la nyaraka za kidiplomasia kuhusu mgogoro wa Kongo ambalo halikueleza ipasavyo shughuli za siri za shirika lake la ujasusi. Wasomi walilalamika, na mwaka 2013 likatolewa juzuu jingine la kuziba pengo hilo.

Katika mifano yote miwili kuchelewa kulikuwa kukubwa na kwa uchungu. Lakini mapambano yalikuwa juu ya kitu kilichojulikana: sanduku lenye namba, juzuu lenye pengo linaloonekana. Aliyenyimwa alijua alichonyimwa, hivyo aliweza kukata rufaa. Katika mfano wa Hanslope, kwa takriban miaka 50 hapakuwa na cha kukatia rufaa.

8. Hitimisho

Katika ukanda huu, Uganda ilipitisha sheria ya upatikanaji wa habari mwaka 2005, Rwanda mwaka 2013, Kenya na Tanzania mwaka 2016. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, sheria inayotegemea ombi la mwananchi humtaka aombe kitu, na hakuna anayeweza kuomba jalada asilojua kuwa lipo. Sheria ya Uganda inaelekea upande unaofaa kwa kuzitaka taasisi za umma kuwa na mwongozo unaoeleza kumbukumbu zilizonazo. Kipengele hicho, ambacho husomwa kama kazi ya makarani, ndicho moyo wa sheria yenyewe.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kila wizara na idara ya usalama iwe na wajibu wa kuwasilisha kwa hifadhi ya taifa orodha ya majalada yake yote, yakiwemo yaliyofungwa, hata kama kichwa cha jalada kitafunikwa kwa muda. Pili, kila uharibifu wa jalada uandikwe, kwa tarehe na kwa jina la aliyeidhinisha, na daftari hilo lisiharibiwe. Tatu, nchi za ukanda ziunde kwa pamoja rejesta ya nyaraka zao zilizoko nje, ili dai la kurejeshewa lisianze tena kwa barua moja ya nchi moja, kama ilivyokuwa mwaka 1967.

Mapendekezo haya hayamlazimishi mtawala yeyote kufungua leo kile anachoamini ni hatari kukifungua leo. Yanamtaka akiri tu kwamba anacho. Maofisa wa mwaka 1961 walielewa uzito wa kukiri huko, na ndiyo maana walikukataza. Serikali huru zinazolalamikia masanduku ya Hanslope zitapimwa kwa orodha za maghala yao zenyewe.